Pikapu Iliyochemka Njia ya Adu

Mume wetu alipofariki aliacha wake wawili, shamba la Adu, nyumba ya Malindi, na pikapu. Shamba lilikuwa na mwenyewe wa kulilima, na nyumba ilikuwa na mwenyewe wa kuikaa. Pikapu peke yake ndiyo haikujulikana ni ya nani, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa njiani baina ya mke mkubwa na mke mdogo, kama yalivyokuwa ya marehemu mwenyewe.

Mke mdogo ni mimi. Nimezaliwa Malindi, mji wa kale, na mpaka nilipofiwa nilikuwa sijawahi kufika Adu hata siku moja. Mke mkubwa alikuwa Mgiriama wa huko huko Adu, aliyesilimu alipoolewa. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi, na viganja vyake vilikuwa vigumu kwa jembe. Tulikuwa tukionana Idi na matangani. Nilimwita Bi Mkubwa, naye akiniita mdogo wangu, tukaulizana hali za watoto, basi. Watu walitusifu kwamba hatugombani. Lakini ukikaa mbali na mtu namna ile, utagombana naye saa ngapi?

Kazi ya pikapu ilikuwa kuleta mjini maembe, mihogo na korosho, na kurudi shamba na mafuta ya taa, chumvi, sukari na papa mkavu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea mzigo mlangoni na kuugawa kwa wanawake wa sokoni. Ilikuwa pikapu ya Kifaransa, kuukuu, marehemu aliinunua ikiwa imeshatumika miaka na miaka. Zamani ilikuwa nyeupe.

Nilipokuwa ndani ya eda, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alitafuta dereva wa kuiendesha ili kazi isisimame. Hapo ndipo maradhi yalipoanza kujulikana. Dereva akitoka Adu na mzigo, kabla hajafika Gongoni mshale wa joto umeshapanda na mvuke unatoka mbele. Anasimama, anangoja, anatia maji, anakwenda tena. Siku moja alipofika Mambrui alichoka kungoja, akafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado moto. Maji yalimrukia mkono mzima. Alipopona alikuja kunisalimu mlangoni, akasimama nje na mkono wake uliojaa mabaka, akasema, "Mama, mnisamehe. Gari lile silirudii."

Eda ilipokwisha shemeji akatuita sote wawili nyumbani kwangu. Bi Mkubwa alishuka na basi la asubuhi, na kikapu cha mihogo kichwani. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenye watoto wengi, na mambo ya magari yalikuwa yakimtisha.

"Nimeuliza watu," akasema. "Wanasema injini ikishaanza kuchemka namna hii imekwisha. Tuiuze sasa, kabla haijawa chuma chakavu."

Bi Mkubwa akasema, "Maembe yanaiva."

"Najua, shemeji. Lakini gari bovu, na dereva hatuna."

"Nitaendesha mimi."

Nilimtazama. Shemeji naye alimtazama. Akatueleza, pasi na kujisifu, kwamba marehemu alimfundisha katika njia za shamba miaka mingi iliyopita, na leseni anayo, aliipata Kilifi. Nilikuwa nimeishi na mume yule miaka kumi na zaidi na hakuniambia. Nitasema kweli, kitu kilinichoma. Mimi aliwahi kunifungulia mlango wa ile pikapu nikapanda, akaufunga, tukaenda harusini. Upande wa usukani hata sikuwahi kuugusa.

Shemeji alipoondoka tulibaki wawili, tukinywa chai. Akaniuliza, "Hapa mjini inachemka?"

"Haichemki. Ilikuwa ikizunguka sokoni kutwa nzima, haina neno."

"Kwangu inachemka kila ikitoka."

"Labda huko mnaipakia kupita kiasi, Bi Mkubwa."

Akaweka kikombe chini. "Labda huku mnaichosha, ikija kwangu imeshachoka."

Hapo kila mmoja akajua mwenziwe alikuwa akiwaza nini miezi yote ile. Nikamwongeza chai, naye akanywa.

Fundi tuliyempelekea alikuwa mjomba wangu, binamu yake mama, mwenye banda lake la kutengeneza magari nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa mzee wa makini. Hakuwa na ile tabia ya mafundi wengine, ya kufungua injini kwanza na kufikiri baadaye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmemleta mgonjwa?"

Kwanza alituuliza maji tunayotia. Nikamwambia dereva alikuwa akichota popote: mto Sabaki, visima vya Mambrui, bombani. Akatikisa kichwa. Maji ya Sabaki ni tope tupu, akasema, na ya visima vya pwani yana chumvi, yanakula chuma. Akaitoa rejeta, akaisafisha kwa mpira wa maji, akaipindua na kuisafisha upande wa pili. Yalitoka maji mekundu kidogo, kisha yakatoka meupe. "Haikuziba kiasi cha kuchemsha gari," akasema, na nikaona kwamba hakufurahi, kwa sababu alitaraji kuyamalizia hapo.

Siku ya pili alikuja jikoni kwangu na kitu kidogo cha shaba mkononi, mfano wa kizibo cha chupa kubwa. Akaomba sufuria. Akakifunga uzi, akakining'iniza ndani ya maji, akaniambia niwashe jiko. Mimi na Bi Mkubwa tuliinama juu ya sufuria ile kama watu wanaongoja yai. Akatueleza: hiki ni themostati, ni mlango. Maji yakiwa baridi mlango umefungwa, yakipata moto unafunguka ili yaende kwenye rejeta yakapoe. Usipofunguka, injini inachemka. Maji yalipoanza kutoa mvuke, kile kitu kikafunguka katikati, taratibu, kama jicho. Alipokitoa kikapoa, kikajifunga.

"Kizima," akasema mjomba.

"Kirudishe tena," nikamwambia. "Nataka kukiona tena."

Akacheka, akakirudisha majini. Tangu siku ile gari likawa kitu ninachoweza kukifahamu. Zamani nikiliona ni kelele na moshi tu, mambo ya wanaume.

Alitazama na mengine. Alichomoa kijiti cha kupimia oili akakisugua baina ya vidole, haikuwa imechanganyika na maji. Aliiwasha injini na rejeta ikiwa wazi, akatazama kama kuna mapovu yanayopanda, maana mapovu yangekuwa dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Hakukuwa na povu. Akaizungusha pampu ya maji kwa mkono, akautikisa ukanda wa feni, akabonyeza mipira yote miwili ya rejeta, wa juu na wa chini. Akaiacha injini ikinguruma mpaka sala ya adhuhuri ikakaribia kumpita. Mshale haukusogea.

"Sasa sikilizeni," akatuambia. "Mgonjwa huyu akiniona mimi anapona. Ugonjwa wake uko njiani na mzigo, basi lazima atazamwe njiani na mzigo. Nendeni nayo. Mshale ukipita nusu tu, msingoje ufike kwenye nyekundu, simameni. Lakini msizime. Watu wengi kosa lao ni hilo, wanazima, halafu wanafungua boneti kumtazama maiti. Mmoja abaki akikanyaga mafuta kidogo kidogo, mwingine atazame. Feni inazunguka? Maji yanavuja? Tazameni kila kitu, hata msichokijua. Na kifuniko cha rejeta msikiguse."

Kwa hiyo walihitajika wawili. Watoto wangu nikawapeleka kwa mama, nikavaa buibui langu, nikapanda.

Safari ya kwenda haikuwa na kisa. Pikapu ilikuwa tupu, na Bi Mkubwa aliendesha kama alivyofanya kila kitu, pasi na haraka, ameushika usukani chini chini kama mtu aliyeshika beseni. Tulivuka Sabaki, tukapita Mambrui na Gongoni, tukaiacha njia kubwa. Niliona mikorosho na mashamba ya mihogo, na watoto wanaotuamkia kutoka mbali. Mshale ulikaa mahali pake.

Nyumbani kwake nililala katika chumba cha binti yake aliyeolewa. Nyuma ya mlango kulikuwa na makubadhi ya marehemu. Na kwangu yako mengine vile vile, nyuma ya mlango, na mimi pia sikuwa nimemgawia mtu. Bi Mkubwa aliniona nikiyatazama.

Asubuhi tulipakia maembe mpaka springi za nyuma zikalala. Nikasubiri aseme neno juu ya kupakia kupita kiasi, akasema, "Marehemu alikuwa akipakia hivi hivi." Tukaondoka.

Kabla ya kufika njia kubwa kuna mwinuko wa mchanga. Mwinuko wenyewe si mrefu, ila mchanga ni mwingi, na gari lenye mzigo halipandi ila kwa gia ya pili, injini ikilia. Tulipofika katikati nikauona mshale ukiamka. Ukafika nusu. Ukapita.

"Bi Mkubwa."

"Nimeuona."

Akapanda mpaka palipo sawa, akasimama, akavuta breki ya mkono, akaiacha injini ikinguruma. Nikashuka. Nikafungua boneti, joto likanipiga usoni.

"Vua hilo buibui!" akanipigia kelele kutoka ndani. "Feni itakuvuta!"

Pale palikuwa njiani mchana kweupe, na wanawake wawili wenye kuni walikuwa wanakuja. Nililivua, nikalitupa juu ya maembe, nikajifunga leso kiunoni na nyingine kichwani. Nikainama.

Sikuona kitu. Feni ilizunguka. Maji hayakuvuja. Injini ilitikisika kidogo kama inavyotikisika siku zote, na mshale, Bi Mkubwa akaniambia, ulikuwa umeanza kushuka.

"Kanyaga mafuta," nikasema.

Akakanyaga. Injini ikapaza sauti. Nilikuwa naitazama feni, na kwa pembe ya jicho nikaona kitu chini kinajongea. Ule mpira wa chini, unaotoa maji kwenye rejeta na kuyapeleka kwenye pampu, ulikuwa ukibonyea wenyewe. Mashavu yake yaliingia ndani mpaka yakagusana, kama ya kibogoyo anayefyonza embe.

"Acha!"

Akaacha. Mpira ukafura, ukawa mzima kama haukuwa na lolote.

"Kanyaga tena!" Ukalala tena. "Acha!" Ukaamka.

Nadhani nilipiga kelele, maana wale wenye kuni walisimama. "Bi Mkubwa, mpira! Mpira unajifunga!"

Akatoa kichwa dirishani. "Mpira gani?"

"Wa chini. Ukikanyaga unakuwa bapa. Maji hayapiti."

Alitaka kuona kwa macho yake. Nikamwambia mimi sijui kukanyaga. Akashuka, akanishika mkono, akanikalisha nyuma ya usukani, akanionyesha kwa kidole: "Huo wa kulia. Huo mwingine usiuguse. Nikiinua mkono, kanyaga. Nikishusha, acha." Nilikanyaga kwa hofu, mlio ulionijia miguuni ukanishtua nikaacha. "Tena," akasema. Nikakanyaga sawasawa. Mkono wake ulibaki juu, kisha ukashuka, ukapanda tena. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi.

Alikuja akazima injini, akaketi kwenye ngazi ya mlango, karibu na miguu yangu.

"Mpira huu ameutia yeye," akasema.

Nikajua anamsema marehemu.

"Msimu uliopita, kabla hajaanza kuumwa. Ule wa zamani ulipasuka hapo hapo nyumbani. Jirani ana pampu ya kumwagilia, akampa kipande cha mpira wake, ukaingia sawasawa. Mimi ndiye niliyemshikia akikata." Akafuta mikono kwenye leso yake. "Ndani ya ule wa zamani kulikuwa na waya umezungushwa, kama springi. Umeoza kwa kutu. Nikamwuliza, huu nao tuurudishe? Akasema, hauna kazi. Akautupa."

"Mjomba aliubonyeza mpira huu. Mbele yako."

"Ulikuwa baridi. Ulikuwa mgumu. Na mimi nimeupanda mlima huu mara ngapi, sikukumbuka ule waya mpaka sasa hivi wewe ulipopiga kelele."

Nilitaka kusema kitu juu ya marehemu. Alikuwa na haraka siku zote, na daima alikuwa na hakika. Nikaona kwamba yeye anayajua hayo kuliko mimi. Wale wanawake wa kuni wakatusalimu kwa Kigiriama, wakaulizana naye habari, wakampa maji ya kunywa kutoka mtungi wao, naye akanipa mimi kwanza.

Tulikwenda mjini kama tunavyokwenda na mtu mgonjwa. Palipo tambarare alitia gia ya tatu na kukanyaga kidogo sana, injini isipate kupaza sauti. Penye mlima tulisimama, tukangoja ipoe, tukapanda, tukasimama tena. Nilijua sasa tunangojea nini, na kungoja hakukunichosha. Maembe ya chini yalianza kulainika kwa joto. Tulipofika Sabaki jua lilikuwa limeshapinda, na sokoni wanawake wangu walikuwa wameondoka. Tuliyapanga maembe uani kwangu usiku huo, mazima upande mmoja, yaliyolainika upande wa pili, na watoto wa mtaa mzima walikula wakashiba.

Mjomba alipoletewa habari alifungua boneti papo hapo. Aliichemsha injini kwa muda, akaifunika rejeta kwa gunia ipate moto haraka, kisha akakanyaga mwenyewe huku akitazama. Mpira ukalala. Akafyonza meno. "Upande huu wa chini maji hufyonzwa, hayasukumwi," akatueleza. "Ndio maana waliolitengeneza gari walitia springi. Mpira huu ulitengenezwa kupitisha maji yanayosukumwa, si yanayofyonzwa. Nani aliutia?"

Bi Mkubwa akasema, "Ulitiwa njiani."

Mjomba alimtazama, akanitazama mimi, akasema, "Njiani hutokea mengi."

Mpira wenyewe haukupatikana Malindi. Mjomba alijua kwamba Kilifi, upande wa kwenda kivukoni, kuna pikapu ya aina ile ile imelala uani kwa fundi mwenzake, haina injini wala magurudumu. Nikapanda basi mimi, nikaenda, nikamwamkia yule fundi, nikamwambia ninachokitaka: mpira wa chini wa rejeta, wenye springi ndani. Aliniuliza kama nimetumwa na mume wangu. Nikamwambia nimekuja kuutazama mwenyewe kabla sijauchukua. Nikatia kidole ndani nikaigusa ile springi, ilikuwa na kutu kidogo lakini ina nguvu. Nikarudi nao mapajani, umefungwa kwa gazeti, ukanichafua nguo yote.

Baada ya kutiwa ule mpira pikapu haikuchemka tena kwenye ule mwinuko wala mwingine. Tulivusha maembe ya msimu ule, na ya msimu uliofuata. Shemeji alipokuja akaikuta mbele ya baraza inapakuliwa, alifurahi kweli, akauliza, "Kumbe ilikuwa nini?"

"Mpira ulichoka," akasema Bi Mkubwa.

"Mpira tu?"

"Mpira tu," nikasema mimi.

Hakuuliza zaidi, wala sisi hatukumwongeza. Baina yetu pia hatukulizungumza tena jambo lile, ila mara moja, alipokuwa akinifundisha kuendesha katika njia ile ile ya shamba aliyofundishiwa yeye. Nilikosea gia, gari likaruka, nikasema, "Mume wetu angeniona angenishusha." Akacheka mpaka akajishika mbavu. Akasema, "Mimi alinishusha mara tatu. Nilirudi nyumbani kwa miguu."

Nilifanya mtihani Kilifi. Mara ya kwanza nilianguka, niliizima injini nikipanda mlima mbele ya askari. Nikarudi mwezi uliofuata, na Bi Mkubwa akanisindikiza, akaketi kivulini nje ya ofisi na kikapu chake, akimenya korosho mpaka nilipotoka na leseni.